Mota ya Inkubeta Ikisitasita, Ipime Kabla ya Kununua Nyingine

Tangu mvua za masika zilipoanza, wakulima kadha wa skimu zetu za upande wa Ol Kalou wamekuja ofisini na shida ya namna moja, nami nimeombwa niiandike hapa gazetini ili isimpate mwingine bure. Shida yenyewe ni mota ya kugeuzia mayai katika inkubeta. Mota haikufa. Inajaribu kwenda. Lakini yaenda polepole kama mtu aliyeamka na homa, tena haiendi sawasawa. Inasita, inatetemeka, inagonga ta-ta-ta-ta, na trei za mayai zacheza-cheza mahali pamoja badala ya kulala upande wake.

Kwa wale wasioujua mtambo huu, nieleze kidogo. Kuku akiatamia huyageuza mayai yake mwenyewe kwa mdomo, mara nyingi mchana na usiku. Inkubeta haina mdomo, basi lazima mayai yageuzwe kwa mkono au kwa mashine. Vijana wetu waliotoka vyuo vya ufundi wametengeneza mashine za bei nafuu: mota ndogo ya volti 12 yenye gia, betri ya sola, na kibao cha maikrokontrola, mara nyingi kile kiitwacho Arduino, ambacho kilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi. Kibao hicho ndicho saa na ubongo wa mashine. Kila baada ya muda kinaamuru mota ilaze trei upande wa kulia, kisha baadaye upande wa kushoto, na swichi ndogo iliyo mwishoni hukiarifu kwamba trei imefika. Kati ya kibao na mota pana kibao cha pili, ambacho mafundi hukiita draiva. Hicho nitakuja kukieleza, maana kimewatia watu wengi hasara.

Jumanne moja asubuhi mama mmoja wa skimu jirani alifika na mota ndani ya kiondo. Watu wengi hapa huniita Mwalimu, kwa sababu nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa ofisi ya kilimo.

“Mwalimu,” akasema, “hii ni mota ya tatu. Nimenunua tatu! Duka lile la mjini laniuzia takataka.”

“Pole sana, Mama. Na mayai yako yana siku ngapi?”

“Leo ni siku ya sita. Ni sitini, na si yangu yote. Ishirini ni ya kikundi chetu cha akina mama.”

“Nani anayageuza sasa?”

Akanyamaza kidogo. “Mashine ndiyo ilikuwa ikigeuza,” akasema. “Tangu jana jioni, hakuna.”

Basi ndugu msomaji, kabla hujashika hata bisibisi, shika mayai. Hili ndilo la kwanza kabisa. Mota yaweza kungoja wiki nzima, lakini kifaranga kilichomo ndani ya yai hakingoji. Yai likilala upande mmoja muda mrefu, hasa katika wiki ya kwanza, kifaranga kile kichanga hushikamana na ngozi ya ndani ya ganda, na mwisho wake ni yai viza. Kukosa kugeuzwa kwa saa chache hakutaliharibu, kwa hiyo usiingiwe na hofu ukalia; nawa mikono, ondoa mafuta yote vidoleni, kisha geuza mayai kwa mkono. Chukua penseli, si kalamu ya wino, uandike X upande mmoja wa kila yai na O upande wa pili. Asubuhi X zote ziwe juu, adhuhuri O, jioni X. Geuza mara tatu au tano kwa siku, yaani hesabu isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliolala juu usiku wa leo usiwe ndio utakaolala juu usiku wa kesho. Fanya upesi na ufunge mlango, maana joto linalotakiwa ni kama digrii 37.5, na baridi ya huku kwetu waijua. Ikifika siku ya 18 usigeuze tena, kwa mkono wala kwa mashine. Kifaranga chajiweka tayari kutoka siku ya 21.

Mama yule nilimwomba apige simu nyumbani palepale, binti yake ayageuze. Kisha nikafunga daftari la mbolea, nikachukua mita ya kupimia umeme, tukaenda kwake.

Sasa tuje kwenye mota yenyewe. Wewe mkulima wa skimu huhitaji kufundishwa umeme kwa maneno makubwa, kwa kuwa umekwisha kujifunza kwa maji ya bomba. Wajua kwamba tangi la juu likiwa limejaa, na bomba likiwa nene, na jirani wa juu akiwa amefunga mfereji wake, maji hufika kwako kwa nguvu. Wajua pia kwamba tangi likipungua, au bomba likiwa jembamba, au likiwa refu mno, basi hata ukifungua mfereji wote yatoka matone. Mfereji wako haukuharibika. Ukinunua mfereji mpya kila wiki, matone ni yale yale.

Umeme ni hivyo hivyo. Volti ni ile nguvu ya kusukuma, kama urefu wa tangi juu ya kilima. Ampea ni wingi wa umeme unaopita, kama wingi wa maji katika bomba. Mota iliyoandikwa volti 12 yataka ifikiwe na volti 12 pale pale kwenye miguu yake miwili, wakati inapofanya kazi. Zikifika sita, yaenda polepole. Zikifika nne, yasukuma gia kidogo, yashindwa, yasukuma tena. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: mota hula umeme mwingi zaidi ya wakati wote inapoanza kuzunguka, na vile vile inapokwama. Ile inayokula ampea moja ikizunguka yaweza kutaka mara kadha zaidi kwa nukta ile ya kuanza. Kwa hiyo kupima betri wakati mota imelala hakukuambii kitu. Ni kama kusifu bomba kabla mfereji haujafunguliwa.

Tulipofika nyumbani kwa mama yule tulimkuta mwanawe, kijana mwenye akili aliyeitengeneza mashine hiyo mwenyewe, amekaa juu ya debe amechoka. Alikuwa amekwisha kubadilisha mota mara mbili, na kibao cha Arduino mara moja. “Nimebadilisha kila kitu, Mwalimu,” akasema. Nikamwuliza amepima nini. Akasema betri ni nzima, alipima volti 12.4. Nikamwuliza, mota ikiwa inazunguka au imesimama? Akacheka kidogo, akaelewa.

Jaribio la kwanza ni rahisi, nalo huligawa tatizo sehemu mbili. Toa mota katika trei. Chukua nyaya mbili fupi na nene, uiunganishe mota na betri moja kwa moja, bila kibao wala draiva. Ikizunguka kwa kasi na kwa sauti moja laini, mota na gia zake ni nzima, na ugonjwa uko njiani kati ya betri na mota. Ikiendelea kusita hata hapo, kwanza jaribu betri nyingine uliyo na hakika nayo; ikisita hata kwa hiyo, basi mota ndiyo mgonjwa: huenda brashi zake za kaboni zimekwisha, au meno ya gia yamevunjika, au grisi imekauka na kuingia vumbi la manyoya. Mota zile tatu zote za mama yule tulizijaribu hivyo. Ya tatu ilizunguka vizuri kabisa. Ya pili vizuri kabisa. Ya kwanza, ile aliyosema ni takataka, ilikuwa imefunguliwa na mtu aliyetaka kuitengeneza, na gia moja haikurudi mahali pake. Lakini mota yenyewe, ukiacha gia, ilizunguka vizuri. Duka lile halikuwa na kosa lolote.

Kisha rudisha mota katika trei zenye mayai na uijaribu tena vivyo hivyo. Yai moja la kuku lina uzito wa gramu 50 mpaka 60, kwa hiyo mayai sitini ni zaidi ya kilo tatu. Trei iliyofungwa katikati kama mizani huhitaji nguvu ndogo tu kuinama, lakini ukijaza nusu moja ukaacha nusu ya pili tupu, mota yabeba mzigo wote peke yake. Trei za mama yule zilikuwa sawa. Mota ikazilaza kulia na kushoto bila neno.

Hapo tukarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na tukaanza kupima njia yote, mota ikiwa inafanya kazi. Hili ndilo jambo kubwa nililotaka kukuandikia. Fuata umeme kama unavyofuata bomba toka tangini: pima kwenye betri, pima pale waya unapoingia kwenye draiva, pima pale unapotoka, pima kwenye miguu ya mota. Kila mahali andika hesabu. Usiamini kichwa chako, andika. Tulimwambia kijana aweke programu iendeshe mota kwa kasi yote kwanza, bila kupunguza, tukaishika mota isisimame.

Kwenye betri, ambayo imelala na 12.4, tukapata 11.2 mota ilipokuwa ikienda. Betri nzima haipaswi kushuka hivyo kwa mota ndogo kama ile iliyokuwa ikila ampea moja na nusu. Pale waya ulipoingia kwenye draiva, tukapata 10.4. Waya wa spika ulikuwa umetumika, mwembamba, wa nusu milimita mraba, toka betri iliyo chumba cha pili mpaka banda la inkubeta, mita nane. Lakini umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hiyo ni mita 16 za waya. Waya wa shaba wa unene huo hupoteza karibu nusu ya volti kwa kila ampea katika urefu huo. Hesabu ikakubali: ampea moja na nusu, volti 0.8 imekwisha njiani kupasha waya joto.

Tukapima pale umeme unapotoka kwenye draiva. Volti 7.6!

Kijana akashika kichwa. “Draiva yala volti tatu kasoro?”

Ndiyo, yala. Draiva ile yaitwa L298N, yenye bati jeusi la kupozea mgongoni, nayo ndiyo inayouzwa katika kila duka la vifaa hivi kwa sababu ni rahisi. Ndani yake mna transista za namna ya zamani, na kila umeme unapopita hutozwa ushuru. Kwa ampea moja hupoteza kati ya volti 1.8 na 3.2, kwa ampea mbili yaweza kupoteza mpaka volti 4.9. Na volti zile hazipotei hewani, zageuka joto. Lile bati jeusi lilikuwa moto wa kuunguza kidole. Tena draiva hiyo ina kinga yake: ikizidi kuwa moto hujifunga, ikipoa hujifungua. Ukiona mota yako yaenda dakika mbili vizuri, kisha yaanza kusimama na kwenda, kusimama na kwenda, gusa bati hilo kwa hadhari.

Mwisho tukaiweka programu kama ilivyokuwa. Kibao hakipunguzi umeme kama mtu anayekaza mfereji. Hukata na kuwasha, kukata na kuwasha, haraka sana; katika Arduino ya kawaida ni mara 490 kwa nukta moja, na katika pini mbili ni mara 980. Kasi hupangwa kwa namba kati ya 0 na 255. Kijana alikuwa ameandika 130 ili mayai yasitikiswe, na nia yake ilikuwa njema. Lakini 130 ni nusu tu ya 255. Nusu ya volti 12 ingetosha kwa mota ile. Nusu ya 7.6 haitoshi. Mita ikaonyesha karibu volti 3.9 kwenye mota. Basi fikiri mwenyewe: kati ya volti 12 zilizotoka kwenye betri, zilizofika kazini hazikufika nne. Ile mota ilikuwa na njaa, ndiyo habari yote, na kila mota mpya aliyoinunua mama yule ilikuja kufa njaa mahali pale pale.

Upole wake tumekwisha kuujua sababu. Ile ta-ta-ta-ta je? Sehemu yake ni njaa hiyo hiyo, meno ya gia yakisukumwa na kuachwa. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Kijana alichukua umeme wa kibao cha Arduino kutoka kwenye draiva, na draiva yaupata toka betri ile ile iliyochoka. Mota inapoanza yavuta ampea nyingi kwa ghafula, betri yazama, volti tano za kibao zashuka, na ubongo unazimia. Ukizimia, mota yaachwa. Mota ikiachwa, betri yapumua, ubongo waamka, wasoma programu yake tangu mwanzo, waamuru mota ianze. Nao wazimia tena. Hayo yaweza kutokea mara kadha kwa nukta moja. Mita ya kawaida ni nzito, haiwezi kuona mzamo mfupi namna hiyo, utaona tu tarakimu zikiyumba. Njia ya kuukamata ni hii: mwanzoni mwa programu, kabla ya amri nyingine yoyote, andika amri ya kuwasha taa ndogo ya pini 13 kwa nusu sekunde na kuizima. Taa hiyo yapaswa kuonekana mara moja tu unapowasha mashine. Ukiiona yawaka tena wakati mota inapojaribu kuanza, basi kibao chako kinazimia na kuamka. Tulipofanya hivyo, taa iliwaka, ikawaka, ikawaka. Mama yule, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta maishani, ndiye aliyesema wa kwanza: “Haya, yenyewe ndiyo inayokatika, si mota.”

Utengenezaji wake haukuwa mgumu, ila ulifuata mpango. Tulianza na betri kwa sababu haikugharimu kitu. Vichwa vyake vilikuwa vimeota kutu ya kijani; tukavisafisha kwa maji ya moto na magadi, tukavikausha, tukavikaza. Mota ikiwa inazunguka tukapata 11.7 mahali pa 11.2. Nusu volti kwa magadi! Hata hivyo betri ilikuwa mzee, imetoka kwenye televisheni, nayo haikuwa na budi kupumzishwa. Ikiwa wataka kujua hali ya betri yako ya asidi, ingoje saa chache baada ya kutolewa sola, maana mchana sola ikichaji utasoma 13 au 14 na kudanganyika. Ikiwa imejaa itaonyesha 12.6 au zaidi, ikiwa 12.0 imekwisha kupungua sana. Kisha ipe mota uone yashuka kiasi gani.

Tukaazima betri ya jirani, tukanunua waya wa milimita mbili na nusu mraba mahali pa ule wa spika, na kijana akapata draiva ya namna mpya, iitwayo BTS7960, ambayo transista zake hazitozi ushuru mkubwa. Kama huna draiva hiyo na mota yako ni ndogo, hata kuisogeza betri karibu na inkubeta kutakuondolea sehemu ya hasara bila kununua kitu; ila usiiweke ndani ya banda lililofungwa pamoja na mayai, kwa kuwa betri ya asidi ikichaji hutoa hewa inayoshika moto. Kibao cha Arduino tukakipa njia yake peke yake, kwa kichaji cha simu cha gari kinachogeuza volti 12 kuwa tano. Ukitumia betri mbili mbalimbali, moja ya kibao na moja ya mota, lazima waya hasi wa zote mbili uunganishwe pamoja. Usipounganishwa, draiva haielewi amri inayoletwa, na mota itafanya vituko vya kila namna. Nimeona mtu mzima ametupa kibao kizuri kwa sababu hiyo moja.

Kwenye mlango wa draiva tukaweka kapasita ya mikrofaradi 1000, ya volti 25, ambayo ni kama tangi dogo la akiba la kuisaidia mota inapoanza. Angalia upande wake hasi, maana ukiigeuza yaweza kupasuka. Juu ya miguu ya mota yenyewe tukatia kapasita ndogo ya udongo yenye chapa 104, kwa sababu brashi za mota hutoa cheche, na cheche zile husumbua ubongo wa kibao. Mwisho, fyuzi ya ampea tano karibu na betri. Hiyo usiisahau. Betri ya sola haiwezi kukupiga kama umeme wa nyumba, lakini waya ukigusana nayo huweza kuwasha banda lote. Na pete ya kidoleni ikigusa vichwa viwili kwa pamoja, kidole hicho utakikumbuka.

Programu nayo ilirekebishwa. Sasa mota huanza kwa 255, yaani kwa nguvu zote, kwa sehemu ya tano ya sekunde tu, ndipo hushushwa. Kujua ishushwe mpaka wapi, jaza trei, anza na 255, punguza kumi kumi mpaka uone mota yaanza kusita, kisha rudi juu kama 40. Ya kijana ilikaa kwenye 150. Tulipopima mara ya mwisho, kwa kasi yote, betri ilisoma 12.3, mlango wa draiva 12.1, na miguu ya mota 12.0.

Mengine nitayasema kwa haraka, kwa kuwa si yote ni njaa. Kuna aliyeunganisha mota moja kwa moja kwenye pini ya Arduino, bila draiva; pini hiyo yapaswa kutoa milliampea 20 tu, na mota ilitaka 1,500, basi haikutikisika ila kwa kunung'unika, na pini ikaungua. Kuna anayetumia transista ya IRF520, inayouzwa imekwisha pachikwa kwenye kibao kidogo chekundu. Hiyo yataka volti kumi ili ifunguke yote, na Arduino yaipa tano, kwa hiyo hufunguka nusu kama mlango uliokwama, huku ikipata moto. Kuna aliyechagua pini isiyo ya mapigo. Katika Arduino Uno pini za mapigo ni 3, 5, 6, 9, 10 na 11 peke yake, na nyingine hujua kuwasha au kuzima tu. Na kuna swichi ya mwisho wa trei ambayo waya wake umelegea: kibao hudhani trei imefika, kisha haijafika, kisha imefika, na mota husimama na kwenda vivyo hivyo ta-ta-ta-ta. Hiyo utaitambua kwa kuichomoa swichi kidogo huku ukiitazama trei isipite mpaka wake; kelele ikiisha, ugonjwa ni swichi.

Mlio mwembamba wa mbu peke yake si ugonjwa. Ni yale mapigo 490. Mota ikizunguka sawasawa huku ikilia hivyo, iache ilie.

Jambo moja la hatari. Inkubeta nyingi hupashwa joto kwa umeme wa nyumba, volti 240, na nyaya zake hupita karibu na hizi ndogo. Chomoa kabisa ule mkubwa kabla ya kupima mdogo, fanya kazi yako upesi, urudishe joto. Wala usiruhusu mota ishindane na trei iliyokwama ukienda kunywa chai. Mota iliyosimama huku inapewa umeme hupata moto na kuungua katika muda mfupi.

Mita ile ya kupimia, hata ya bei ndogo kabisa, yatosha kwa haya yote. Ya kwetu iko ofisini, na mkulima wa skimu aweza kuiazima siku yoyote isipokuwa siku ya soko, maana siku hiyo naitumia kupima betri za nyua za umeme. Njoo na karatasi umeandika hesabu nne: kwenye betri, kuingia draiva, kutoka draiva, na kwenye mota, zote mota ikiwa kazini. Ukija na hizo nne tutasaidiana upesi kuliko ukija na mota ndani ya kiondo.

Mayai ya mama yule yaligeuzwa kwa mkono siku tatu, kisha mashine ikashika kazi mpaka siku ya 18. Siku ya 21 na ya 22 walitoka vifaranga 46 kati ya mayai 60. Wale wa kikundi walihesabiwa mbele ya mwenyekiti, kumi na sita. Mota ya tatu imefungwa kwenye pazia la banda la nyanya, na ile ya kwanza bado inatafutiwa gia.